Siku Nne Tupu Katika Daftari la Kogo

Siku niliporudisha ufunguo wa kabati, vijana niliowaachia ofisi waliniomba kitu kimoja tu: niwaandikie namna ya kumfanya mgonjwa wa pumu aseme ukweli. Walidhani nina mbinu niliyoificha miaka yote. Nimefanya kazi ya utafiti wa pumu katika nchi hii ya majani chai, kuanzia Kericho hadi kule Mulot ambako chai huishia na ngano huanza, na ninachoweza kuwaambia ni kwamba wagonjwa walisema ukweli karibu wakati wote. Sisi ndio tuliokuwa tunauliza upande usiofaa. Lakini jibu la mstari mmoja halifai kwa mtu aliyetoka kustaafu na ana muda mwingi, kwa hivyo nitaanzia mwanzo.

Mimi ni mtoto wa kambi ya chai. Baba alitoka upande wa ziwa akaja kukausha majani kiwandani, nami nikazaliwa katika nyumba za wafanyakazi, nikakua na Kijaluo cha kugombezwa nacho, Kipsigis cha kuchezea mpira, na Kiswahili cha mambo mengine yote. Nikaenda chuo kikuu nikasoma sosholojia. Nilirudi nyumbani na shahada na koti. Koti lilipata kazi kabla yangu, kwa sababu binamu yangu aliliazima kwenda kwenye mahojiano, akachukuliwa. Mimi nilisubiri mwaka mzima, mpaka mradi wa utafiti ukatangaza kwamba unatafuta afisa wa nyanjani anayejua lugha za hapa na kuendesha pikipiki. Lugha nilizijua. Pikipiki nilisema najua.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Sista Esther, muuguzi kutoka Longisa aliyekuwa na sauti ya kusimamisha ng'ombe. Alinipa inhela tupu isiyo na dawa, ile ya kufundishia, akasema, "Vuta."

Nilikuwa nimesoma karatasi ya maelezo jana yake, mara mbili, na kupigia mistari. Nikabonyeza, halafu nikavuta.

"Umetibu meno," alisema Sista Esther. "Meno yako hayana pumu. Tena."

Ilinichukua siku mbili. Tikisa. Toa pumzi yote nje, usiache akiba. Funga midomo vizuri kwenye mdomo wa inhela. Anza kuvuta polepole, na ukiwa unavuta ndipo ubonyeze. Zuia pumzi, hesabu hadi kumi, usihesabu kama mtu anayekimbizwa. Kisha sukutua mdomo. Mtu mwenye shahada alishindwa na hatua sita, na nimeishi na jambo hilo moyoni kila nilipotaka kumwona mgonjwa kuwa mjinga. Sista Esther hakunipa nafasi ya kulisahau. Kila afisa mpya alipokuja aliletwa kwangu na kuambiwa, "Huyu ndiye wa meno."

Chombo chetu kingine kilikuwa kipima pumzi, bomba la plastiki lenye mshale mdogo unaosukumwa na pumzi. Mgonjwa husimama, hupuliza kwa nguvu zake zote mara tatu, na tunaandika ile bora. Wagonjwa walikiita filimbi. Hakitoi mlio wowote, na nimeona watoto wengi wakikipuliza na kukirudisha kwa huzuni, lakini jina lilishika, na hata daktari mkuu alilitumia kwenye mikutano ya watu wakubwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chukua watu wawili wenye pumu inayofanana, wape dawa ileile. Mmoja baada ya mwezi anabeba kikapu cha majani hadi kituo cha chai bila kupumzika, mwingine bado anaamka alfajiri kifua kikipiga mluzi. Kwa nini? Tulitaka kujua ni mambo gani ya mgonjwa mwenyewe yanayobadilisha matokeo: umri, uzito, sigara, moshi wa jikoni, kuku wanaolala ndani, kama anajua kutumia inhela, kama anaitumia. Maswali yaliandikwa na watu wa Nairobi kwa Kiingereza, nami nikapewa kuyaweka kwa Kiswahili. Nilifanya kazi hiyo kwa majivuno ya mtu aliyezaliwa hapa. Nilibadilisha swali la mazulia, kwa sababu nani ana zulia, nikaongeza la vumbi la mahindi wakati wa kupukuchua. Nikaona nimemaliza. Hakuna kitu cha kijiji hiki, nilijiambia, kitakachonipita.

Mwaka wa kwanza nilijifunza kuhusu kidude cha kuhesabu. Inhela zetu zilikuwa na namba ndogo nyuma inayopungua kila unapobonyeza, ili tujue kama dawa inatumiwa. Kulikuwa na bwana mmoja njia ya Mulot ambaye namba yake ilikuwa sawa kabisa kila mwezi, si pungufu, si zaidi, lakini kifua chake kilikuwa kama gunia la panya. Siku moja pikipiki iliharibika, nikafika kwake kwa miguu, kimya kimya. Nilimkuta zizini akimbonyezea ndama dawa puani, moja baada ya nyingine, midomo ikihesabu.

"Mwalimu," aliniambia (aliwaita wote wenye kalamu walimu), "nilisahau hii mwezi yote. Sasa nilisema isiende bure. Huyu naye amekuwa akikohoa."

Ndama alipona. Tulishindwa kumwandika popote.

Kulikuwa na mama mwingine, mwimbaji, ambaye dawa yake iliisha wiki ya pili badala ya mwezi. Ilibainika kwamba Jumapili, kabla ya ibada, inhela ilipitishwa safu nzima ya akina mama wa sauti ya pili kwa sababu inafungua koo. Nilimweleza kwamba dawa ni ya mtu mmoja. Alinitazama kwa huruma. "Sasa niimbe peke yangu?" Na kulikuwa na mzee aliyeapa mbele yangu kwamba havuti sigara huku sigara iko nyuma ya sikio lake. Nilipoitazama aliishika, akashangaa nayo. "Hii ni ya rafiki," alisema, na kuiweka tena mahali pake ili rafiki aikute.

Nawaeleza hawa ili mjue nilifika kwa Kogo nikiwa nimekwisha kuamini kwamba najua namna zote ambazo mtu anaweza kuharibu utafiti.

Jina lake la ubatizo ni Rael, lakini kila mtu kwenye kile kilima nyuma ya Silibwet humwita Kogo, yaani nyanya, hata wanaomkaribia umri. Alikuwa na shamba lake la chai, ng'ombe watatu, na mume, Mzee Langat, aliyekuwa akiwasimamia hao wote, Kogo akiwemo, bila mafanikio. Alipojiunga nasi hakuweza kuchuma mistari miwili ya chai bila kukaa chini. Mwezi mmoja wa dawa, akarudi kuchuma. Mwezi wa pili akabeba kikapu mwenyewe hadi kituo cha chai, akipita majirani polepole kwa makusudi ili wamwone.

Alikuwa mwanafunzi niliyekuwa nikimwota. Hatua sita alizishika mara ya kwanza, na nilimchukia kidogo kwa hilo. Sigara hapana. Kuku ndani hapana. Kuni hapana, kwa sababu binti yake Chebet, aliye Nairobi, alikuwa amemletea jiko la gesi. Swali la moshi alilijibu hata kabla sijalimaliza: "Hapa hakuna moshi. Angalia ukuta." Niliangalia ukuta. Ulikuwa mweupe.

Ziara ya kwanza alituletea mursik. Kwa msomaji wa mbali, mursik ni maziwa yaliyolazwa ndani ya kibuyu siku kadhaa mpaka yakaganda na kuwa machachu kidogo, yakiwa na vijidoa vyeusi na harufu ambayo siwezi kuieleza bila kumeza mate. Nimeinywa tangu utotoni kwa majirani. Ile ya Kogo ilikuwa kitu kingine. Nilikunywa kikombe, nikaomba cha pili, na mbele ya akina mama watatu waliokuwa wamekuja kutazama filimbi nikatangaza kwamba kuanzia Kericho hadi Mulot sijaona mursik kama ile.

"Huyu mtu wa samaki anajua maziwa," Kogo aliwaambia wenzake. Tangu siku hiyo akaniita Arap Samaki, mwana wa samaki, na nikakubali, kwa sababu kikombe cha tatu kilikuwa njiani.

Masharti ya utafiti yalisema mgonjwa apigiwe simu siku saba kabla ya ziara, asije akatafutwa shambani. Nilipiga kila mwezi bila kukosa. Na kila mwezi tulipofika, Kogo alipuliza filimbi na mshale ukaenda nusu ya njia, ukachoka. Alikohoa. Macho mekundu. Kisha daftari. Kila mgonjwa alikuwa na daftari la kuandika namba yake ya filimbi kila asubuhi nyumbani. La Kogo lilionyesha namba nzuri sana, wiki baada ya wiki, za mwanamke anayeweza kupanda mlima akiimba. Halafu, kabla ya kila ziara yetu, siku nne tupu. Hakuna kitu. Halafu sisi, na namba mbaya.

Dkt. Wairimu, daktari mkuu wa mradi, alikuwa mtu wa haki, mwepesi wa akili na mzito wa kusamehe ukurasa usiojazwa. Alilifungua daftari mezani kwake, akalifunga.

"Omondi, hili si daftari. Hii ni riwaya."

"Daktari, Kogo ni mzee wa kanisa."

"Wazee wa kanisa hawajui kubuni?"

"Wanajua. Lakini si namba."

Hakucheka. Alieleza jinsi alivyoona mambo, na hadi leo nakiri ilikuwa hoja nzuri: mgonjwa hapimi nyumbani, anajaza kurasa kwa mkono mmoja siku moja ili atufurahishe, anachoka kabla ya kumaliza, na siku ya ziara ukweli unatoka kifuani. Masharti yalikuwa wazi. Namba mbaya miezi mitatu mfululizo pamoja na daftari lisiloaminika, mgonjwa aondolewe. Akiondolewa, dawa yetu inarudi nasi. Angepewa vidonge vikali vya kila siku kwenye zahanati, na sukari yake ya damu, ambayo vidonge vile huipandisha, haikuwa ya kuchezewa. Dkt. Wairimu aliandika barua na kunipa bahasha niipeleke Jumatano, siku ya ziara. Sababu ilikuwa imeandikwa kwa adabu, lakini kwa Kiswahili chochote ilisema kwamba Kogo ni mwongo.

Niliibeba siku mbili ndani ya koti. Jumamosi nikashindwa. Niliona heri nimwandae mwenyewe, nje ya kazi, kabla hajasomewa mbele ya watu. Nikachukua pikipiki nikifanya mazoezi ya hotuba kwa sauti katikati ya mashamba ya chai. "Kogo, sayansi ina taratibu zake," niliiambia chai. Wachumaji wawili wakainuka kati ya vichaka wakajibu, "Sawa!" Sikurudia tena.

Nilipofika nyuma ya Silibwet niliona moshi ukipanda nyuma ya nyumba ya Kogo. Moshi mzito, wa buluu. Nikazunguka.

Kogo alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, amezungukwa na vibuyu vinne. Mkononi alishika kijiti cha senetwet, ule mti wa maua ya manjano, ncha yake ikiwaka kaa. Alikipuliza kaa liwake zaidi, akakisukuma ndani ya kibuyu, akakisugua na kukizungusha ukutani mwa kibuyu kwa ndani. Moshi ulitoka kwa mdomo wa kibuyu wote kwa pamoja, usoni mwake. Akageuza kichwa, akakohoa mpaka mabega yakatikisika, akapangusa macho, akapuliza kaa tena. Mzee Langat alikuwa ameketi kwenye kigoda mbali kidogo, upande ambao upepo hauelekei, akisimamia.

"Chamgei, Kogo," nilisalimu.

Aliruka kama mtu aliyefumaniwa. "Arap Samaki! Leo si Jumatano!" Akakifunika kibuyu na leso yake. "Mgeni haangalii hii. Mgeni anaangalia kikombe. Rudi mbele ya nyumba!"

"Kogo, unafanya nini?"

"Ati nafanya nini? Ulipiga simu. Mnakuja. Mtakunywa nini, maji ya mto?"

Nilisimama pale na shahada yangu. Tangu utotoni nimekunywa vile vijidoa vyeusi. Nimevisifu, nimeomba viongezwe. Sijawahi hata mara moja kujiuliza ni vya nini na vimetoka wapi.

"Lakini ulituambia hapa hakuna moshi."

"Hakuna. Moshi ni ya kuni. Hii si moshi, hii ni dawa ya kibuyu. Bila hii maziwa inaharibika na wageni wanaenda kunisema hadi Longisa."

"Unafanya mara ngapi?"

"Zamani ilikuwa kibuyu moja kwa mwezi, ya huyu." Akamwonyesha mume kwa kidevu. "Sasa ni nne, kila mkikuja. Si wewe ulikunywa vikombe vitatu?"

"Vinne," alisema Mzee Langat.

Nilikaa kwenye nyasi. Nilimuuliza kuhusu daftari, kwa upole niwezavyo, zile siku nne tupu. Kogo akalisugua kaa chini mpaka likazima.

"Hizo siku filimbi inakataa," alisema. "Kifua inafunga. Sasa ningeandika nini? Niandike ile mbaya? Nyinyi mmetoka mbali na dawa yenu, mnakaa kwangu, mnakunywa, halafu muone nimeandika dawa haifanyi? Mngeona aibu. Na ile nzuri siwezi kuandika, ni uongo. Nikaacha bila kitu."

Niwaambie vijana wangu: nimesoma makala nyingi kuhusu kwa nini wagonjwa hawajazi daftari. Wanasahau, wanachoka, hawaoni maana. Sijaona mahali palipoandikwa kwamba mgonjwa anaihurumia dawa.

Nikamweleza. Simu yangu, vibuyu, moshi, kifua, siku nne, filimbi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mumewe.

"Umesikia? Hawa ndio ugonjwa."

Bahasha ilibaki ndani ya koti. Jumatatu nilimwendea Sista Esther kwanza, kwa woga. Sista alifanya kazi zahanati, hakuwahi kuja nyumbani kwa wagonjwa. Nilimsimulia. Alishika meza, akacheka bila sauti, machozi yakamtoka, na alipopata pumzi akauliza, "Na nyinyi mlifikiri ile nyeusi ni nini? Pilipili?"

"Mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza? Maswali yameandikwa na Nairobi na mwanamume mmoja wa samaki. Mlinipa nisome mlipokuwa mmekwisha piga chapa."

Dkt. Wairimu alinisikiliza akizungusha kalamu. Alisema ni wazo zuri, na kwamba mawazo mazuri ni rahisi kuyapata kuliko ushahidi. Alichukua bahasha yake, akaahirisha ziara kwa mwezi mmoja, akaweka masharti: daftari lijazwe kila siku, hata namba ikiwa mbaya, na Kogo asikaribie kijiti cha senetwet. Ziara hiyo angekuja mwenyewe. Barua angekuja nayo.

Nilirudi kumpa Kogo habari nikidhani nimeleta ushindi. Nikaongeza kwamba, kwa vile hakuna vibuyu, chai ya maziwa ingetosha.

"Chai?" Kogo alisema. "Daktari mkubwa anakuja kwangu mara ya kwanza nimpe chai? Chai hata karani wa sensa alipewa."

"Jirani anaweza kukusafishia kibuyu."

"Ndio waseme mursik ni yake."

"Chebet?"

"Yuko Nairobi. Atume moshi kwa simu?"

Kisha Kogo na mimi, bila kupanga, tukageuka kumtazama Mzee Langat kwenye kigoda chake. Mzee Langat akatazama mlima.

"Hapana," aliuambia mlima. "Mimi ni mwanamume na nina rika langu. Wataniweka wapi?"

"Basi waje na barua yao," alisema Kogo, "wachukue dawa. Mimi nitakaa hapa nikikohoa na wewe utachuma chai."

Mzee alifikiria chai. Ni mistari mingi, na shamba lina mteremko. Alikubali kwa masharti: iwe nyuma ya zizi, lango lifungwe, na mtu asiambiwe. Ameniruhusu kuandika haya sasa kwa vile wengi wa rika lake wamekwisha kutangulia mbele za haki, na kwa sharti kwamba niseme kibuyu hakikupasuka. Kibuyu hakikupasuka.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimepewa kazi ya kuhakikisha Kogo anabaki upande wa pili wa boma, upepo ukiwa mgongoni mwake, na kutoka huko aliongoza kwa sauti.

"Zungusha! Unakoroga ugali?"

"Ni moto!"

"Ni kaa! Ulitaka iwe barafu? Sugua chini, chini kule!"

"Mkono yangu haiingii!"

"Nani alikwambia uingize mkono?"

Mzee alitoka nyuma ya zizi uso mweusi, nyusi zimepungua, akikohoa kuliko nilivyowahi kumsikia Kogo. Alikaa kwenye kigoda. "Hii kazi," alisema bila kumtazama mtu, "mmekuwa mkiifanya hivi siku zote?"

"Siku zote," alisema Kogo.

Siku ya ziara Dkt. Wairimu alikuja na viatu visivyofaa matope na mkoba ambamo ncha ya bahasha ilichungulia. Sista Esther naye alikuja, mara yake ya kwanza nyumbani kwa mgonjwa, akisema hili hawezi kulikosa. Kabla ya filimbi, kama ilivyo desturi, vikombe vikaletwa. Mursik ya Mzee Langat ilikuwa ya kijivu. Vijidoa vyeusi havikuwa vijidoa bali vipande, na kimoja kilielea kama mtumbwi. Mzee alisimama mlangoni akimtazama daktari kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Daktari alikunywa. Tulisikia kitu kikivunjika kati ya meno yake. Alimeza.

"Ni nzuri sana," alisema, na machozi kidogo.

"Ongeza yeye," Mzee Langat akaniamuru.

Kisha Kogo akasimama. Nilimpa filimbi. Alitoa pumzi, akavuta hewa mpaka mabega yakapanda, akapuliza. Mshale ulikwenda, ukapita pale ulipokuwa ukichoka kila ziara, ukaendelea kupanda. Mara ya pili ukazidi. Mara ya tatu nilisahau kuandika, Sista Esther akaniandikia.

Dkt. Wairimu alichukua daftari. Kila siku ilikuwa na namba, hakuna tupu hata moja, na siku mbili zenye namba mbaya Kogo alikuwa ameeleza kwa penseli pembeni: "nilipita kwa jirani, alikuwa na kibuyu." Daktari alisoma kurasa zote bila haraka. Alilinganisha namba ya asubuhi hiyo na niliyopima mimi. Zilikuwa sawa. Akaitoa bahasha mkobani, akaikunja mara mbili.

"Hiyo barua ni yangu?" Kogo aliuliza.

"Ilikuwa."

"Ilikuwa inasema nini?"

Mimi niliangalia ukuta, ule mweupe. Sista Esther akawa na shughuli ghafla na mkoba wake. Dkt. Wairimu angeweza kusema chochote pale, kulikuwa na maneno mengi ya kitaalamu ya kujificha nyuma yake, na mimi nilikuwa nimemwandalia matatu.

"Ilisema kwamba namba zako si za kweli," alisema. "Mimi ndiye niliyeiandika. Nilikosea."

Kogo alivaa miwani yake taratibu, akalisukuma daftari juu ya meza mpaka likamgusa daktari mkono.

"Basi andika ingine. Hapo mbele, mahali kila mtu anafungua."

"Niandike nini, Kogo?"

"Andika huyu mama hakudanganya."

Daktari akaandika, kwa herufi kubwa zinazosomeka, akaligeuza daftari ili Kogo aone. Kogo alifuata mstari kwa kidole, neno moja moja, akafika mwisho, akarudisha kidole chake mezani.

"Ongeza: wala hajawahi."

Dkt. Wairimu akaongeza, akatia sahihi. Kogo akamtoa kalamu mkononi na kutia sahihi yake chini.